Logos, Neno, na Kalamu Nyekundu ya Mwalimu

Katika mazoezi ya kufundisha, huko Kisorya na kwingineko, twaikuta desturi moja isiyotupendeza. Mwanachuo huandika msamiati ubaoni, kila neno akalipa maana moja, na mtoto atoaye maana nyingine hupigwa alama ya kosa. Desturi hiyo, kwa maoni yetu, yamnyima mtoto lugha yenyewe.

Na tulichukue neno la Kiyunani, logos. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kukusanya, kuhesabu na kusema. Ndiyo maana Myunani aliposema logos aliweza kukusudia neno, hotuba, hesabu, sababu au akili. Heraclitus wa Efeso, yapata mwaka 500 kabla ya Kristo, alilitumia kwa utaratibu uongozao ulimwengu. Wastoa wakaliita hivyo akili iliyoenea katika vitu vyote. Philo, Myahudi wa Aleksandria, akalitia katika imani ya Mungu mmoja. Kisha Injili ya Yohana ikaanza nalo, na watafsiri wetu wakaandika "Neno", ambalo kwa Wakristo ni Kristo mwenyewe. Asiye Mkristo naye hulikuta chuoni, limejificha ndani ya saikolojia na biolojia. Hata mantiki, tuliyoipata kwa Waarabu, ina mzizi wenye maana ya kutamka.

Wapo wasemao kuwa "Neno" ni tafsiri finyu mno kwa logos. Hatukubali. Mtu akikanyagwa kivukoni Kisorya, akaombwa radhi, akajibu "Si neno", je, azungumzia herufi? Tukisema "pana neno kati yao", twataja ugomvi. Na "hana neno" ni sifa ya mtu mwema. Basi mtoto alelewaye kwa Kikerewe au Kijita, akiandika kwamba neno ni jambo, amekosa nini hata achorewe mkasi?

Twapendekeza sentensi zitangulie. Mwanachuo atoe tatu au nne, watoto wabuni maana na kuitetea kwa sentensi zao wenyewe, kamusi iletwe baadaye. Kazi hiyo huchukua muda, hatufichi. Mkaguzi huenda akauliza mbona ubao una maneno matatu tu, aonyeshwe madaftari.