Nani Amemharibu Robin Hood?

Usiku wa mbalamwezi karabai hazina kazi. Ndagala hawaifuati taa wakati ziwa zima linang'aa kama sinia, kwa hiyo mitumbwi ya Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, hulala ufukweni na wenyewe hutafuta pa kuumalizia usiku. Wapo wanaokwenda kulala. Wapo wanaojibana kwenye mabenchi ya chumba cha video, mbele ya televisheni moja, kutazama sinema ya Kizungu ambayo Mswahili fulani ameshaitia sauti yake juu ya sauti za wenyewe. Na sinema hiyo ikiwa ni Robin Hood ya mwaka 2018, ile ya Taron Egerton na Jamie Foxx, haipiti nusu saa kabla mtu wa benchi la nyuma hajatoa hukumu: "Hii si yenyewe. Yenyewe ni ile ya Costner."

Hukumu hiyo haikuzaliwa Rumonge. Filamu ilipotoka Novemba 2018, watazamaji na wahakiki wa Ulaya na Marekani waliicheka kwa sababu ileile. Walisema makoti yake yanafanana na yale ya madukani, na mishale inamiminwa kama risasi za bunduki. Ilikusanya takriban dola milioni 86 duniani kote, wakati kuitengeneza kuligharimu kama milioni 100. Hasara ya wenyewe hiyo, waachiwe. Linalopaswa kuzungumzwa ni dai lililobebwa ndani ya kicheko kile: kwamba ipo hadithi ya kweli ya Robin Hood, safi, imehifadhiwa mahali, na watengenezaji wa filamu wameivamia na kuiharibu.

Dai hilo si kweli. Tena wanaolisema kwa sauti kubwa zaidi ndio wasioijua hadithi yenyewe.

Tuanze na huyo Costner anayeapiwa. Filamu yake ya mwaka 1991 ilipotoka, nayo iliambiwa imeharibu. Waingereza walimcheka kwa sababu Robin wao alizungumza Kiingereza cha Marekani. Miaka ikapita, waliokuwa watoto wakakua, na sinema iliyoharibu ikageuka kuwa sinema halisi. Kabla yake alikuwapo Errol Flynn na suruali yake ya kubana mwaka 1938, kabla ya huyo Douglas Fairbanks mwaka 1922, na katikati, mwaka 1973, Disney wakamfanya Robin mbweha mwenye mkia. Hakuna aliyemshitaki mbweha.

Tukienda nyuma zaidi mambo yanazidi kuvurugika. Jina la Robin Hood linaonekana katika shairi la Kiingereza la karibu mwaka 1377, Piers Plowman. Humo kasisi mvivu anakiri kwamba Baba Yetu haijui sawasawa, ila mashairi ya Robin Hood anayajua. Maana yake siku hizo tayari hadithi ilikuwa mitaani, midomoni mwa watu, na wakubwa wa dini walikuwa wameshaanza kuilalamikia. Utenzi mrefu wa kale uliotufikia, A Gest of Robyn Hode, ulipigwa chapa karibu mwaka 1500. Mtu akiufungua akimtafuta Marian, mchumba wa Robin, hamkuti. Padri Tuck hayumo. Mfalme Richard aliyekwenda kupigania Yerusalemu hayumo pia. Mfalme wa utenzi ule anaitwa Edward. Robin mwenyewe si bwana aliyenyang'anywa mashamba ya ukoo. Ni mtu wa kawaida mwenye upinde.

Hao wengine walitoka wapi basi? Mwaka 1521 mwanahistoria wa Uskoti, John Mair, alimhamishia Robin kwenye enzi ya Richard. Mwaka 1598 mwandishi wa tamthilia wa London, Anthony Munday, alimvika ukabaila, na tangu hapo kila mtengeneza filamu anayetaka shujaa mwenye damu ya kitukufu anakopa kwa Munday bila kumtaja. Marian aliingia kupitia michezo ya sikukuu za Mei, na jina lake lilikuwa limeshazoeleka Ufaransa katika nyimbo za wachungaji. Ugomvi wa Wasaksoni na Wanormani ulitiwa na Walter Scott katika riwaya yake ya Ivanhoe, zaidi ya miaka 400 baada ya yule kasisi mvivu. Hiyo "yenyewe" inayolindwa kwenye benchi la nyuma ni shuka la viraka, na kila kiraka kilishonwa na mtu aliyeambiwa anaharibu.

Hata lile jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba Robin aliwaibia matajiri akawapa maskini, katika utenzi wa kale halimo kwa sura hiyo. Kisa kikubwa humo ni cha deni. Mpiganaji mmoja wa farasi anadaiwa pauni 400 na mkuu wa monasteri ya Mtakatifu Maria mjini York, na asipolipa kwa siku iliyowekwa, ardhi yake inakwenda. Robin anamkopesha. Ndiyo, anamkopesha! Kisha fedha zinarudi kwake kwa kuporwa msafara wa monasteri ileile iliyokuwa ikidai. Mvuvi anayedaiwa nyavu na mashine ya mtumbwi, ambaye samaki wake wameshahesabiwa na mdai kabla hawajavuliwa, hahitaji profesa wa kumfafanulia kisa hicho.

Ufukwe huu ndio unaowaumbua walinzi wa "hadithi halisi." Robin wa kale ni mhalifu wa mali ya asili: anakula swala wa mfalme. Sheria za misitu zilizoletwa na wafalme wa Kinormani zilimfanya mtu aliyezaliwa kando ya msitu awe mwizi wa mnyama aliyemwona tangu utotoni, na adhabu iliweza kuwa kukatwa kiungo au kuuawa, mpaka Hati ya Misitu ya mwaka 1217 ilipoiondoa adhabu hiyo. Ziwa Tanganyika nalo lina sheria zake. Nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Tofauti ni kubwa, na isifichwe: swala wa msitu wa Sherwood alihifadhiwa kwa ajili ya upinde wa mfalme, mukeke na ndagala wanapumzishwa ili mvuvi huyohuyo awakute kesho. Lakini mtu aliyekaa ufukweni na sufuria tupu akiyatazama maji yaliyofungwa anamwelewa mwindaji wa Sherwood kuliko mhakiki anayehesabu vifungo vya koti.

Linabaki lalamiko kuhusu Mwislamu. Katika filamu ya 2018 Jamie Foxx ni Yahya, mpiganaji anayekuja Uingereza na kugeuzwa jina kuwa John. Walalamikaji wakasema ametiwa kwa nguvu ili kufuata mitindo ya siku hizi. Siku hizi zipi? Mwaka 1991 Morgan Freeman alikuwa Azeem, aliyemwuliza Robin mashariki ni upande gani ili aswali, maana Uingereza jua halikuonekana. Kabla yake, mwaka 1984, tamthilia ya televisheni ya Waingereza wenyewe ilikuwa na Nasir katika kundi la Robin. Mtu akitaka kulalamika alipaswa kuanza zaidi ya miaka 30 mapema. Rumonge, mji ambao Kiswahili na Uislamu viliufikia pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa Ujiji, Azeem anayetafuta kibla hachekeshi hata kidogo. Kinachochekesha ni Mzungu asiyejua mashariki iko wapi.

Kuna na suala la huyu anayeitwa sheriff wa Nottingham. Mtafsiri akimwacha na jina lake atamwita sharifu, na katika mji wa misikiti sharifu ni mtu wa kizazi cha Mtume, anayeheshimiwa. Neno la Kiingereza limetokana na cheo cha msimamizi wa jimbo na halina undugu wowote na lile la Kiarabu. Kwa hiyo mtafsiri mwenye akili hutafuta mtu wake: mkuu wa wilaya kwa Mtanzania, musitanteri kwa Mrundi. Musitanteri wa Nottingham! Mwenye kulinda uhalisi atashika kichwa, lakini watu waliopo chumbani wameshamwelewa adui kabla hajafungua mdomo.

Kazi hiyo ina wenyewe wanaojulikana. Dar es Salaam alikuwapo Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyezitia Kiswahili filamu nyingi za kigeni. Kenya yupo DJ Afro. Uganda wapo mavijei wa Kiganda, na Rwanda filamu za namna hiyo zina jina lake kabisa, agasobanuye. Wanaongeza methali, wanambadilisha mtu jina, wanaeleza ambacho mwandishi hakukieleza, wakati mwingine wanakataa kukubaliana na shujaa. Waliowatangulia ni wale watambaji wa vilabuni na masokoni wa Uingereza ya kale, ambao bila wao Robin asingefika hata hiyo karne ya kumi na tano.

Waswahili wangepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika katika jambo hili, kwa sababu wana Robin wao. Fumo Liyongo wa pwani ya Pate na Ozi alikuwa mpiga upinde, mshairi, mtu aliyeogopwa na sultani, akawindwa, akakimbilia porini. Alifungwa gerezani akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa aliopelekewa na mama yake. Aliuawa na wa damu yake mwenyewe, aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba: wengine humtaja mwanawe, wengine mpwawe. Alikufa amepiga goti kisimani na upinde umevutwa, na watu wakakosa maji kwa kuogopa maiti. Robin naye katika simulizi za kale anauawa na wa damu yake, mkuu wa watawa wa kike wa Kirklees aliyejifanya kumtibu akamtoa damu hadi akaisha, na kuna usimulizi ambamo anarusha mshale wa mwisho uchague kaburi lake.

Sasa Liyongo halisi ni yupi? Edward Steere alichapisha hadithi yake kama alivyoisikia Unguja, mwaka 1870. Muhammad Kijuma wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913. Hazilingani. Wataalamu wamempa Liyongo karne mbalimbali zinazopishana kwa mamia ya miaka. Hakuna Mswahili aliyewahi kusema Kijuma ameharibu.

Kuna filamu moja ambayo ufukwe huu una haki ya kuilalamikia kwa sauti yote. Primeval, ya mwaka 2007, ilichukua kisa cha Gustave, mamba wa Rusizi na ziwa hili, aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye na kukadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6. Magara na Minago, kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, vinatajwa mara kwa mara katika visa vyake. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, ikatangazwa kama kisa cha kweli cha muuaji wa watu wengi huku ikificha kwamba muuaji ni mamba, na vita vya Burundi, ambamo kundi la mwisho la waasi, FNL, lilikuwa bado halijaweka silaha chini, vikafanywa pazia la nyuma la kuwatisha watu wa mbali. Hapo neno "uongo" lina mahali pake, kwa kuwa walioliwa walikuwa watu wenye majina na jamaa zao wangali wanachota maji palepale. Robin Hood hana mjane Minago.

Na filamu ya 2018? Ni mbaya, tena mbaya sana. Ubaya wake hauko kwenye makoti. Ina kodi, ina machimbo, ina umati wa maskini wanaokimbia huku na huku motoni, na mwisho wa yote haijui hata mmoja wao alikula nini siku ile. Utenzi wa mwaka 1500 ulijua deni ni pauni ngapi na siku ya kulipa ni lini.

Siku filamu ya Liyongo itakapoingia kwenye chumba cha video cha Rumonge, usiku wa mbalamwezi, naye akatokea amevaa koti la ngozi, benchi la nyuma limwache avae. Liangalie kama mkate bado ni wa wishwa.