Fueli ya plutoniamu ipimwe kwanza

Mei 2025 Rais Donald Trump aliagiza plutoniamu ya ziada, ile iliyobaki kwenye mpango wa silaha wa Marekani, isiendelee kuchanganywa na vitu vingine na kuzikwa kama taka, isipokuwa pale serikali inapobanwa na ahadi zake kwa jimbo la South Carolina. Inayobaki itengenezewe fueli ya vinu vya umeme.

Nia hiyo hatuipingi. Plutoniamu ikishachomwa kinuni huwa kazi ngumu mno kuirudisha kwenye bomu, na bomu lililoiangamiza Nagasaki lilibeba takriban kilo sita tu. Tunachodai ni kwamba fueli ikitoka kinuni ikatwe, ipimwe, na matokeo yatangazwe, kabla kinu kingine hakijapewa ruhusa ya kuitumia.

Jaribio la fueli hiyo limeshafanyika. Mwaka 2000 Marekani na Urusi zilikubaliana kila moja iondoe tani 34 za plutoniamu ya silaha. Marekani haikuwa na kiwanda cha kutengeneza fueli hiyo, hivyo mwaka 2004 ikasafirisha sehemu ndogo kwa meli hadi Ufaransa. Huko ikachanganywa na urani, yakaundwa mafungu manne ya fimbo za fueli, na mwaka 2005 yakaingizwa katika kinu cha Catawba, South Carolina. Yalikusudiwa kukaa mizunguko mitatu. Yakatolewa mwaka 2008 baada ya miwili, kwa kuwa yalikuwa yamerefuka kuliko ilivyotarajiwa.

Kurefuka huko si lazima kuwe kosa la plutoniamu. Fremu ya metali inayoshika fimbo nayo hurefuka inapopigwa na nyutroni miaka nenda rudi. Kutenganisha hayo mawili ndiyo kazi ya ukaguzi, na hesabu za kompyuta peke yake haziwezi kuimaliza.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya subira. Fueli iliyotumika haisogelewi. Mionzi yake inaua. Hukaa kwanza majini ipoe, kisha fimbo chache husafirishwa ndani ya makasha mazito. Za Catawba zilipelekwa maabara ya Oak Ridge, Tennessee. Fundi husimama nje ya ukuta mnene wa zege, akitazama kupitia kioo chenye madini ya risasi na kuendesha mikono ya chuma iliyo upande wa pili. Hutoboa fimbo kupima gesi iliyojikusanya ndani, hukata kipande, hukisaga na kukisugua mpaka kikang'aa, kisha hukiweka chini ya hadubini. Miongoni mwa anavyovitafuta ni athari ya galiamu. Plutoniamu ya bomu huchanganywa na galiamu kidogo ili metali itulie na ikubali kufinyangwa. Galiamu hiyo ikibaki kwenye fueli kwa wingi inaweza kuudhoofisha mrija wa aloi ya zirkoniamu, ambao ndio ngao ya kwanza kati ya sumu na watu.

Wako watakaosema Ufaransa imechoma fueli ya plutoniamu tangu 1987 bila taabu. Ni kweli, lakini plutoniamu hiyo hutolewa kwenye fueli iliyotumika vinuni; haina galiamu, na mchanganyiko wa atomi zake ni mwingine. Zaidi ya hayo, baadhi ya vinu vinavyobuniwa sasa vitapozwa kwa sodiamu badala ya maji. Hata kipimo cha Catawba hakivitoshi.

Tunajua kishawishi kilipo. Mabilioni ya dola yalizama katika kiwanda cha fueli hii cha Savannah River, kilichoanza kujengwa 2007 na kuachwa 2018 kabla hakijatoa fungu hata moja. Baada ya hasara ya namna hiyo kila mtu anataka njia fupi, na kinachofupishwa kwanza ni kile kisichozaa umeme: maabara, mafundi, miaka ya kungoja.

Suala hili linatuhusu pia sisi wa Afrika. Sehemu kubwa ya urani iliyoanzishia mradi wa bomu la Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, na wachimbaji ambao hakuna aliyewaambia walichokuwa wakikishika. Watu wanaoishi jirani na vinu hivi vipya waambiwe. Ripoti ya fimbo za kwanza zitakazotoka iwekwe mezani kamili, pamoja na yale yaliyoharibika, na leseni ya pili ingoje mpaka hapo.