Simu Iliyosasishwa Ikawa Bubu

Nianze na ugomvi wangu mwenyewe, maana nisipoutaja msomaji ataniuliza hasira hizi nimezitoa wapi. Mwezi wa Machi mwaka 2023, siku ya Alhamisi, niliamka alfajiri kama ilivyo kawaida yangu, nikachukua simu kutazama saa. Pale juu ya kioo panapokaa mistari ya mtandao palikuwa pameandikwa "Hakuna huduma". Katikati ya kioo ulikuwepo ujumbe mwingine, wa furaha tele, ukinijulisha kwamba simu yangu imesasishwa usiku na kunikaribisha nifurahie mambo mapya. Nililala nikiwa na simu, nikaamka nina saa ya mezani.

Sikushtuka mara moja. Huku kwetu umeme ukikatika kwa muda mrefu mnara nao huzimika, na sisi tumekwisha kuzoea. Lakini jirani yangu, ambaye laini yake ni ya kampuni ile ile, alikuwa uani kwake akizungumza na mwanawe aliyeko Mwanza, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwangu. Hapo nikajua kwamba mnara u mzima na mgonjwa ni mimi.

Mtu atasema: mzee mzima unaandika kurasa nzima kwa ajili ya simu? Subiri kidogo, ndugu msomaji. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Tuko wanachama 43. Benki iko mbali nasi, kwa hiyo tulikubaliana katika kikao, na muhtasari upo, kwamba michango ikae katika laini ya simu ya mweka hazina. Asubuhi ile laini yangu ilikuwa na shilingi 612,000, na si hata senti moja iliyokuwa yangu. Ilipofika saa nne akaja mtoto mbio: mama mmoja, mwanachama mwenzetu tangu chama kianze, amefariki katika hospitali ya wilaya. Katiba yetu inasema mfiwa apewe shilingi 400,000 kabla ya jua kuzama, zipatikane za jeneza na za gari.

Nilikwenda kwa wakala. Kijana yule ananifahamu tangu akiwa mdogo, lakini angefanya nini? Fedha hutolewa kwa amri inayotoka katika laini ya mwenyewe, na laini yangu ilikuwa imo ndani ya kitu kisichoongea na mnara. Jua likazama. Jeneza likakopwa. Msibani Ijumaa nilisikia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia katika maisha yangu: "Ajabu, simu ya Mwalimu imeharibika siku ile ile ya msiba." Niliongoza shule, nikashika fedha za madawati, za michango ya wazazi, za chakula, na wakaguzi wakaja na kuondoka. Nimekuja kuitwa mwizi kwa mdomo wa pembeni na programu iliyoandikwa na mtu asiyejua kwamba mimi nipo duniani.

Mafundi niliwaendea watatu. Wa kwanza alisema laini imeungua. Wa pili aliifungua simu, akaitazama kwa miwani yake ya kukuzia, akasema ubao wa ndani umekufa na kuubadili ni shilingi 85,000. Wa tatu alisema ataiflashi, yaani ataifuta yote na kuipakia upya. Nilimwuliza picha zangu zitakuwaje. Akacheka. Katika picha zile ndimo nilimohifadhi kurasa za daftari la michango, mwezi kwa mwezi, kwa kuhofia mchwa na mvua. Nikaichukua simu yangu nikaondoka. Sitaki kuwasema sana vijana hawa, wanatafuta riziki. Lakini fundi asiyeuliza ugonjwa ulianza lini ni sawa na mganga anayekata mguu kwa sababu ana msumeno. Hakuna hata mmoja kati ya watatu wale aliyeniuliza, "Mzee, jana usiku simu hii ilifanya nini?"

Kampuni ya laini niliipigia kwa simu ya jirani. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, akasema mtandao wao hauna tatizo, tatizo liko katika simu. Na aliyeitengeneza simu? Yeye hana mlango wa kubisha hodi. Ndani ya sanduku ilimokuja simu mlikuwa na kikaratasi chenye maandishi ya ukubwa wa chawa, kwa lugha nyingi, Kiswahili hakimo.

Aliyeniokoa ni mjukuu wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Alikuja Jumapili kuniamkia, akanikuta nimekaa na simu mkononi. "Shikamoo babu. Kwani kwa nini usiitoe laini ukaiweka kwenye kitochi?" Kitochi ninacho, kimelala kabatini miaka mingi. Laini za siku hizi ni ndogo kama ukucha, hazikai katika vitochi vya zamani, kwa hiyo alikwenda dukani akarudi na kile kifremu cha plastiki cha kuipachikia. Haikupita dakika tano mistari ikasimama. Nikabonyeza nyota, namba na reli, nikaingiza namba ya siri, na fedha zilikuwepo zote, 612,000 kamili.

Kumbe fedha hazikuwa ndani ya simu. Wala hazikuwa ndani ya laini. Ziko katika vitabu vya kampuni, kwa jina la namba yangu, na laini ni ufunguo tu, na simu ni mkono unaoushika ufunguo. Mkono ukipooza, ufunguo mpe mwingine. Mimi niliyefundisha watoto kwa mifano miaka yote nilishindwa kuliona jambo jepesi namna hii, nami nakiri kosa hilo. Siku nne zilipotea kwa ujinga wangu pia.

Kilichoipata simu yenyewe nimekielewa baadaye, kwa kuuliza na kusoma. Simu janja ina programu mbili kubwa. Moja ndiyo tunayoiona: picha, saa, barua. Nyingine imejificha katika kifaa cha redio ndani ya simu, kazi yake ni kuzungumza na minara, na mwenye simu haioni maisha yake yote. Sasisho linaweza kuzigusa zote mbili. Ukitaka kujua maradhi yako wapi, bonyeza *#06#, namba ambayo Watanzania wengi tulijifunza mwaka 2016 wakati wa kusaka simu bandia. Itakuja namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Ikija sifuri tupu, au isipokuja kabisa, ile sehemu ya redio haikuamka, na hapo kuhangaika na mipangilio ni kupoteza wakati. Yangu ilikuja kamili. Maana yake redio ilikuwa hai ila ilipewa maagizo mabaya. Tulipofungua mipangilio ya mtandao tukakuta simu imeagizwa ishike 4G peke yake, jambo ambalo mimi sikulifanya, na mnara wetu wa karibu siku zile haukuwa na 4G. Ilikuwa ikitafuta kisichokuwepo, usiku na mchana, hata betri ikawa inapata moto. Binti yule akachagua "Weka upya mipangilio ya mtandao", kitendo ambacho hufuta nywila za Wi-Fi lakini hakigusi picha wala majina, akaizima na kuiwasha. Ikapona. Bila shilingi 85,000, bila kuflashi.

Sasa nije kwenye hoja. Watetezi wa masasisho husema kwamba yanaziba matundu wanamopitia wezi. Ni kweli, na simpingi mtu. Mwizi anayepitia tundu la programu angeweza kuzichukua zile 612,000 bila kunigusa. Lakini kuziba tundu la ukuta si ruhusa ya kuhamisha mlango wa nyumba ya mtu akiwa amelala. Yanafungwa pamoja makusudi, dawa na mapambo, ili anayetaka dawa alazimike kumeza na mapambo. Kwa nini? Kwa sababu aliyeniuzia simu anaamini bado ni yake.

Tena kosa hili si la vijiweni kwetu tu. Tarehe 24 Septemba 2014 kampuni ya Apple, tajiri kuliko nchi nyingi, ilitoa toleo la 8.0.1 la programu ya simu zake. Wenye iPhone 6 na 6 Plus walioliweka wakapoteza huduma ya mtandao, na simu zikashindwa hata kusoma vidole vyao. Toleo liliondolewa baada ya muda wa kama saa moja, na kesho yake likaja la kusahihisha. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe simu zilizoathirika hazikufika 40,000. Angalia mambo mawili hapo: walikiri, na wakaeleza njia ya kurudi kwenye toleo la nyuma kwa kutumia kompyuta. Mimi sikukiriwa wala sikuonyeshwa njia. Na mara nyingi simu zetu hizi zimefungwa zisirudi nyuma kabisa. Ukishavushwa mto, daraja linavunjwa nyuma yako.

Wenzetu wamefika mbele zaidi. Mwezi Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa masasisho yaliyozorotesha simu za zamani. Februari 2020 Ufaransa ikaitoza Apple euro milioni 25, kwa sababu hiyohiyo ya kutowaambia watu kwamba sasisho lingepunguza kasi ya simu zao. Nasisitiza hapo: Ufaransa haikuadhibu kubadilisha, iliadhibu kunyamaza.

Sisi hapa tunaijua tofauti hiyo vizuri. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, tulitangaziwa miezi mingi kabla hadi tukachoka. Simu bandia zilipozimwa Juni 2016, kila mtu alipewa nafasi ya kuikagua yake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia mwisho Januari 2020, ulikuwa umesogezwa mbele kwanza. Watu walinung'unika, na mimi nilinung'unika, nilipanga foleni juani. Lakini nilijua nini kinabadilishwa, lini, na nani nimlaumu. Hata Wizara, ilipobadili muhtasari wa somo, ilituma waraka wenye namba na tarehe na sahihi ya mtu. Wakati mwingine waraka ulichelewa kuliko mabadiliko yenyewe, hilo nalo tuliseme, lakini ulikuja. Sasisho la simu yangu lilikuja na sentensi moja: "Maboresho ya uthabiti." Mwalimu akiandika hivyo katika andalio la somo ningemrudishia.

Kuna wanaosema, na wengine ni wanangu, kwamba mzee angebaki na kitochi. Hoja hii inaniudhi kuliko zote. Ni wao walioninunulia simu janja ili wanione uso. Risiti za bima zinakuja humo, matangazo ya kijiji yako humo, picha za wajukuu zimo humo. Huwezi kumsukuma mtu aingie chumbani kisha taa ikizimika ukamwambia hakupaswa kuwemo. Na vijana je? Vijana wangapi wamelipa zile 85,000 wakidhani ubao umekufa, kwa aibu ya kuonekana hawajui?

Ninachodai hakihitaji mhandisi. Mtengenezaji aseme kwa Kiswahili kinachosomeka sasisho linagusa nini, na kama linagusa mtandao, aulize kwanza, mchana, mwenye simu akiwa macho. Aache mlango wa kurudi. Na anayeruhusu simu hizi ziuzwe nchini amtake mtengenezaji awe na ofisi, hata chumba kimoja, ambapo mtu anaweza kwenda na simu bubu akaongea na binadamu. Tunamtaka muuza mbegu awe na anwani. Muuza simu amepewa msamaha na nani?

Simu yangu sasa nimeikataza kujisasisha usiku. Nafanya mwenyewe, siku ambayo hakuna msiba, kitochi kikiwa mezani na chaji kamili, kifremu kikiwa kando yake. Chama nacho kimeamua fedha zikae katika laini mbili, kwa watu wawili, na nilikuwa wa kwanza kunyosha mkono.

Jumapili ile, fedha zilipotoka, nilizipeleka mwenyewe kwa mfiwa, shilingi 400,000, noti za elfu kumi. Nilimfundisha huyu bwana darasa la tatu. Nikamweleza yaliyotokea, akaitikia, "Nimeelewa, Mwalimu." Kisha akazihesabu mbele yangu, akazipanga, akazihesabu tena. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuhesabu fedha nilizompa.