Mkristo afanane na nani?
Mabango ya mikutano ya injili mijini kwetu yanaahidi ndoa, viza, kazi na magari. Linaloahidi kwamba mtu atatoka pale na tabia ya Yesu sijaliona bado, na nadhani lingekosa watu. Ilhali Paulo, katika Warumi 8:29, anasema Mungu alikusudia tufanane na Mwanawe. Hayo mengine ni nyongeza. Msiniambie kufanana naye hakuwezekani. Februari 1977 Janani Luwum, askofu mkuu wa Uganda, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Muda si mrefu Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyelelewa na uamsho wa Afrika Mashariki, alivuka milima usiku kwa miguu, yeye na mkewe, hadi Rwanda. Ugenini chuki ilimkaba. Alikiri mwenyewe kwamba ilikuwa ikimla rohoni. Hatimaye akaandika kitabu ambacho hata jina lake linatamka kwamba anampenda Amin. Wapo waliomshangaa, na sishangai. Lakini hakuwa akimtetea dikteta: mauaji aliyaita mauaji, ila alikataa kumchukia muuaji, kwa kuwa Kristo aliwaombea waliomsulubisha. Huo ndio ufanano, na hauji kwa kuwekewa mikono dakika tano. Basi Jumapili hii, mchungaji akiuliza nani ana ombi, acheni kidogo habari za viza. Tajeni jina la ndugu mliyenuniana naye kwa sababu ya shamba la marehemu baba, na ibada ikiisha mwende kwake.