Mvua za kwanza ni za bustani pia
Mvua za kwanza zinapofika Ihanda, kwa kawaida Novemba, mawazo yote huenda kwenye mahindi na kahawa. Naamini bustani ya uani inastahili siku hizo hizo, na majirani wanaotembeleana kuonyeshana machipukizi baada ya kiangazi kirefu hawapotezi muda hata kidogo. Mahindi huchukua miezi. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne, wakati akiba ya nafaka inapungua katika nyumba nyingi. Wapo watakaosema ardhi ni ya mazao ya fedha. Lakini maboga hutambaa katikati ya mahindi yenyewe, na matembele hupandwa kwa vipande vya shina: anayemgawia jirani hapungukiwi, kwani shina lililokatwa huchipua tena.