Loki za IJmuiden: Hasara ni ya Mjenzi

Mradi mkubwa wa bandari ukitangazwa, wawekezaji wengi wadogo hukimbilia hisa za kampuni ya ujenzi. Ukurasa huu unashauri subira, na loki za IJmuiden nchini Uholanzi ni ushahidi tosha.

Mfereji unaounganisha Amsterdam na Bahari ya Kaskazini ulichimbwa kati ya mwaka 1865 na 1876. Maji yake hutunzwa kiasi cha sentimeta 40 chini ya usawa wa kawaida wa bahari, hivyo meli lazima ipitie loki, yaani chumba chenye lango kila upande. Meli huingia, lango hufungwa nyuma yake, maji husawazishwa, kisha lango la mbele hufunguliwa.

Kampuni binafsi ndiyo iliyochimba mfereji huo, lakini mwaka 1883 serikali iliuchukua. Meli nazo ziliendelea kukua. Loki ya mwaka 1896 ilikuwa na urefu wa mita 225 na upana wa mita 25. Ile ya mwaka 1930 ilifikia mita 400 kwa 50, na iliyozinduliwa Januari 2022 ina mita 500 kwa 70, kina mita 18.

Hii ya mwisho ilianza kujengwa mwaka 2016, ikitarajiwa kukamilika 2019. Mashimo ya kuhifadhia malango yalijengwa kama masanduku makubwa ya zege, yakazamishwa ardhini kwa kuchimbua udongo chini yake. Mwaka 2017 ilibainika kwamba usanifu wake ulihitaji marekebisho. Kazi ikachelewa zaidi ya miaka miwili, na wajenzi, BAM na VolkerWessels, wakabeba hasara ya mamilioni ya euro.

Chumvi nayo ilidai gharama yake. Loki kubwa huingiza maji mengi ya bahari, nayo, kwa kuwa ni mazito, hutambaa chini. Serikali ikalazimika kujenga kizuizi cha kuyarudisha baharini.

Je, loki ni biashara mbaya? La hasha. Mwenye ghala na mwenye shehena wanafaidi kila meli inapopita. Mwenye hisa za mjenzi ndiye anayepaswa kuuliza mapema: bei ya mkataba imefungwa? Kuchelewa kukitokea, nani analipa? Asiyepata majibu hayo, fedha zake na zibaki benki.