Istikama si Ukaidi

Yako maneno ambayo hutukuzwa mno hata yakaacha kufanya kazi yake. Istikama ni mojawapo. Kila mwenye kushikilia neno lake, liwe la haki au la batili, hujivika istikama kama kanzu ya Idi. Na mshairi atakaye kumsifu mkubwa wake hulitia neno hilo mwishoni mwa mshororo, kwa kuwa vina vya -ma havimtoi mtu jasho. Mkaidi huitwa mwenye istikama. Mwenye kununa huitwa mwenye istikama. Hata mtu asiyebadili rai yake kwa sababu hajapata kuwa na rai hupewa sifa hiyo, naye akaipokea.

Ubaya wa matumizi hayo hauishii katika lugha. Yamekwisha kuingia katika namna watu wa Mrima wanavyokumbukwa. Katika mashairi ya kumbukumbu, na katika mazungumzo ya barazani kuanzia Bagamoyo hadi Pangani, imekubalika kana kwamba ni sharia kuwa mwenye msimamo ni yule tu aliyekufa pasi na kusalimu amri. Kwa kipimo hicho Bushiri bin Salim ni shujaa, Bwana Heri wa Saadani ni mtu aliyechoka, Mtoro bin Mwinyi Bakari ni kibaraka aliyekwenda kula mkate wa Wadachi, na Sheikh Ramiya ni mtu wa serikali. Kipimo hicho ni cha uongo, na kinawadhulumu watatu bila ya kumfaidi wa kwanza.

Kwanza neno lenyewe. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule wa kusimama, na Kiswahili kimewalea watoto wengi wa mzizi huo. Kiyama ni siku ya watu kusimama. Kaumu ni watu waliosimama pamoja. Makamu ni mahali pa kusimama, na kima ni pale thamani ya kitu iliposimama. Kaimu naye ni ndugu yao, ingawa maskini amepewa jina la kusimama ilhali kiti si chake. Mwislamu anapokimu sala hutumia mzizi uo huo, na katika sala zake tano za faradhi huisoma Alhamdu mara 17, kila mara akiomba njia iliyo mustakimu. Haombi njia ngumu wala njia isiyo na kona ya kupumzikia. Huomba iliyonyooka, yaani iliyoelekea mahali. Na katika Sura ya Hud, aya ya 112, amri ya istikama haikuachwa peke yake: imefungwa na kile kilichoamrishwa, kisha pale pale ikafuatwa na katazo la kupindukia mipaka. Anayechukua nusu ya kwanza ya aya akaiacha ya pili amebaki na ukaidi tu, ujapokuwa umevaa kilemba.

Mabaharia wa mlango wa bahari wa Unguja hawahitaji tafsiri ya jambo hili. Nahodha anayekwenda kinyume na upepo hubisha: hugeuza tanga huku, akageuza kule, na mtu aliyesimama ufukweni asiyejua bahari hudhani chombo kimepotea. Lugha yenyewe imeweka katika neno moja, kubisha, kupinga kwa maneno na kwenda kwa tanga dhidi ya upepo. Asiyegeuza tanga hafiki. Hata hivyo, aliyegeuza moja kwa moja akafuata upepo naye hafiki, bali hupelekwa. Istikama iko baina ya hao wawili, nayo hujulikana kwa bandari, haijulikani kwa tanga.

Sasa turejeshwe mwaka 1888. Tarehe 28 Aprili ya mwaka huo Sultani Khalifa bin Said alitia saini mjini Unguja mkataba wa kuikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki kwa miaka 50. Mwezi Agosti mawakala wa Kampuni wakashuka Pangani, Bagamoyo na bandari nyingine, na jambo la kwanza walilogombania ni bendera. Bagamoyo walitaka bendera ya Sultani iondolewe nyumbani kwa Liwali. Pangani yule Emil von Zelewski, ambaye Wahehe walimwua kule Lugalo mwaka 1891, anakumbukwa mpaka leo kwa kuingia msikitini na mbwa wake katika siku za Idi ya kuchinja. Watu wakainuka.

Hapa wasomaji wa visiwani wavumilie kidogo. Mkataba ulitiwa saini Unguja, na deni lake lililipwa Mrima. Na walioinuka kutetea kuwapo kwa bendera ile hawakuwa wapenzi wa kasri. Bushiri bin Salim, Mharthi, alikuwa hasimu wa ukoo uliotawala Unguja. Bwana Heri naye aliitawala Saadani yake bila ya kungoja idhini ya mtu. Methali husema bendera hufuata upepo. Mwaka ule bendera yenyewe ilikwisha kufuata upepo, na watu waliokuwa hawaipendi ndio waliobaki wamesimama chini ya mlingoti. Miaka miwili baadaye, 1890, haki za Sultani juu ya pwani hiyo zilinunuliwa kabisa kwa mark milioni 4. Ndiyo kima. Aliye tayari kuwauliza watu wa Mrima kwa nini fulani alisalimu amri na aanze kuuliza fedha ile ilipokelewa mji gani.

Bushiri hana haja ya kuongezewa sifa. Aliongoza mapigano ya Bagamoyo na Pangani dhidi ya watu wenye manowari. Tarehe 8 Mei 1889 kambi yake karibu na Bagamoyo ilivunjwa na jeshi la Hermann Wissmann. Akaingia bara, akaishambulia Mpwapwa, akarudi. Akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini katika kurudi kule alirudi na wapiganaji wa Kimbunga, ambao watu wa pwani waliwaita Mafiti, na vijiji vya Uzaramo vikaporwa na kuchomwa. Wanaoghani habari zake hulipita jambo hili kwa mshororo mmoja, au hawalipiti kabisa. Je, istikama hupimwa mbele ya adui tu? Mzaramo aliyechomewa ghala lake hakuwa Mdachi. Mtu yule yule aliyewastahi mapadri wa misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, asiiguse nyumba yao iliyojaa wakimbizi, ndiye aliyewafungulia mlango waporaji. Ushujaa wake ni wa kweli, na kupindukia kwake mipaka ni kwa kweli. Na shairi lisiloweza kubeba yote mawili halimsifu Bushiri, linamtumia.

Bwana Heri bin Juma ndiye aliyedhulumiwa zaidi. Manowari zilipiga mizinga Saadani mwaka 1889, mji ukaungua. Hakutoka. Alijenga boma, likavunjwa. Akajenga jingine, likavunjwa mwanzoni mwa 1890. Akapigana tena mwezi Machi. Watu wake walikuwa na njaa. Mwezi Aprili 1890 alisalimu amri kwa mapatano, akarudi Saadani na waliosalia, wakaanza kujenga upya. Hayo ndiyo makosa yake yote. Angelikufa Machi angelipata barabara yenye jina lake. Aliishi hadi Aprili, basi akapata kimya. Wenye kumhukumu husahau kwamba kabla ya kupatana alikuwa amekwisha kupigana miezi kadhaa baada ya Bushiri kuzikwa, na kwamba alichokitaka tangu mwanzo ni watu wa Saadani kukaa Saadani. Alipoona vita vitammalizia wale aliokuwa akiwapigania, aligeuza tanga. Bandari haikubadilika. Hivi leo jina la Saadani linajulikana zaidi kwa simba na tembo wanaoonekana karibu na ufukwe, tangu palipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Na mgeni anaweza kulala pale siku tatu asisikie jina la Bwana Heri hata mara moja.

Vipi washairi? Katika mwaka wa Hijria 1307, yaani 1889 kuingia 1890, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Lizingatiwe jina lenyewe: kutamalaki. Hakusema kuja, wala kuleta amani. Alilitaja tendo kwa jina lake wakati wenye tendo walikuwa wamekaa kitini. Upande wa pili, katika mikusanyo iliyochapishwa na Carl Velten mna mashairi ya kumsifu Kaizari na magavana wake, kazi za mafundi wa vina ambao hakuna anayeweza kuwatoa kosa la mizani. Hao nao walikuwa na hoja yao, ya kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapana anayekataa. Swali ni kama kilichokuwa mvunguni kilikuwa na thamani ya mgongo.

Kizazi chao hakijakoma. Mfano wa karibu uko Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Mwaka 2013 palitiwa saini mapatano ya kujenga bandari kubwa kwa mtaji wa China, Oman nayo ikaingia. 2015 likawekwa jiwe la msingi. 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti yake hadharani. 2021 serikali ikatangaza kuurejea mradi. Kila hatua kati ya hizo yaweza kuwa na hoja nzuri, na mtu mwenye akili aweza kuunga mkono mojawapo kwa dhati. Lakini mshairi aliyelisifu jiwe, akakusifu kukataa, kisha akakusifu kurejea, na kila mara akatia neno msimamo katika kituo cha ubeti, huyo amethibiti katika jambo moja tu, nalo ni kusifu.

Mtoro bin Mwinyi Bakari hakusifu. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akafanya kazi chini ya serikali ya Kidachi, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Wanaomwita kibaraka huishia hapo. Wangelisoma zaidi wangelikuta kitabu kuhusu desturi za Waswahili, kilichotoka mwaka 1903 na jina la Velten juu yake, ambacho sehemu yake kubwa ni maneno ya Mtoro: kuzaa na kulea, jando, ngoma, ndoa, safari za bara, pepo na mazishi. Utumwa umeelezwa humo bila ya kufichwa na bila ya kutiwa marashi, jambo ambalo wengi walioandika baada yake, wakiwa huru na wasio na bwana wa kumwogopa, hawakuthubutu. Hakuwapamba watu wake mbele ya wageni, wala hakuwasengenya ili apendwe. Miaka 78 ilipita mpaka tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981, kazi ya J. W. T. Allen, ilipomrudishia jina lake juu ya jalada.

Na tena, mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kidachi kwa ndoa halali. Mwaka uliofuata alisafiri naye kurudi kwao, na wakuu wa koloni wakamkatalia mke kushuka. Ndoa ya Mdachi na Mwafrika, mwanamume akiwa Mwafrika, ilikuwa ni aibu isiyostahili kuonekana bandarini. Mtu aliyekuwa tayari kuuza chochote angelishuka peke yake, akaenda Dunda kwa ndugu zake, mambo yakaisha. Mtoro alirudi Ujerumani pamoja na mkewe, akaishi huko kwa kufundisha na kuhutubu hadi alipofariki Berlin mwaka 1927. Hakunyongwa, wala hakushika bunduki.

Masufi wana kauli ya Kiarabu inayosema istikama ni bora kuliko karama elfu. Bagamoyo waliiona kauli hiyo kwa macho. Yahya bin Abdallah, aliyeitwa Sheikh Ramiya, alitoka Umanyema akiwa mtoto mtumwa, akalelewa katika nyumba ya Liwali wa Bagamoyo, Amir bin Sulaiman al-Lamki. Alipopata uhuru aliuza samaki, akapanda minazi, na huku akisoma. Akafungua darasa. Akawa sheikh wa Kadiria, katika mji ambao nasaba ilikuwa ndiyo hati ya kwanza ya elimu na ambao wenye nasaba hawakuwa wamezoea kukaa mkekani mbele ya aliyekuwa mtumwa wa mwenzao. Haikusimuliwa kwamba alipaa angani. Alifundisha, kesho yake akafundisha tena. Mwaka 1916, Waingereza walipoutwaa mji, alifanywa Liwali, yaani alikalia cheo cha yule yule aliyemlea utumwani.

Kwa hicho cheo cha mkoloni wenye kipimo cha damu humwandikia doa. Lakini waliomfuata hawakumfuata kwa sababu ya cheo, maana walikuwa naye kabla ya hicho cheo. Wanyamwezi, Wamanyema, Wazaramo na waliokuwa watumwa walipata mahali pa kukaa wakiwa watu, katika mji uliokuwa umewajua kama mizigo na wachukuzi wa mizigo. Alipofariki mwaka 1931 uongozi wa tarika uliishia mikononi mwa mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya. Liwali waliondoka, Mwingereza akaondoka, na maulidi ya Bagamoyo yakaendelea kuwakusanya watu kutoka bara na visiwani, wengine wao wakiwa wajukuu wa waliouzwa katika mji ule ule.